Akina mama: je, HRT inaleta saratani ya ngozi?

Leo nataka tuongee jambo ambalo wengi wetu tunaona aibu kulisema mbele za watu: kukoma kwa hedhi, dawa za homoni ambazo hapa huitwa HRT, na maneno yanayozunguka kwamba dawa hizo zinaleta saratani ya ngozi.

Nimeamua kuandika baada ya jambo lililonikuta Jumamosi moja pale sokoni Edmonton Green. Nilikuwa nachagua ndizi za kupika, nikashikwa bega na dada mmoja ninayemfahamu, mwenyeji wa Tanga, umri wake miaka 53. Baada ya kusalimiana nikamuuliza kama usingizi umerudi. Miezi sita nyuma alikuwa halali kabisa. Usiku anaamka mara nne, shuka zimelowa jasho, na alfajiri anapanda basi la 149 kwenda kusafisha maofisi kule London Bridge akiwa kama mtu aliyelewa. Daktari alimwandikia plasta za homoni, na baada ya wiki chache alikuwa mtu mwingine, anacheka, anapika, anakwenda kwenye shughuli.

Akanijibu, "Mdogo wangu, zile nimezitupa."

Kumbe alikuwa ametumiwa ujumbe wa sauti kwenye simu. Sauti ya mwanamke asiyejulikana inasema HRT "inakula ngozi" na kuleta saratani, na kwamba wazungu wanajua ila hawatuambii. Dada wa watu akaogopa, akabandua plasta siku ileile, na jasho likarudi. Nilipomtazama usoni niliona macho ya mtu asiyelala.

Mimi ni nesi. Nilisomea uuguzi nyumbani Tanzania, nikaendelea na masomo hapa Uingereza, na sasa niko kwenye miaka ya arobaini ya mwishomwisho, kwa hiyo mambo haya siyasomi vitabuni tu, yananipata na mimi. Hebu tuyachambue polepole.

HRT NI KITU GANI HASA?

Mwanamke anapofika miaka ya arobaini na kitu, mayai yake yanapungua na homoni iitwayo estrojeni inaanza kupanda na kushuka ovyo, kisha inashuka moja kwa moja. Hapa Uingereza wastani wa umri wa kukoma hedhi ni miaka 51. Ukikaa miezi 12 mfululizo bila kuona siku zako, basi umekoma. Lakini usumbufu unaweza kuanza miaka kadhaa kabla ya hapo: joto la ghafla linalopanda kutoka kifuani hadi usoni, jasho la usiku, moyo kwenda mbio, hasira zisizo na sababu, kusahausahau, viungo kuuma, na ukavu ukeni.

Sisi wanawake weusi tuna la ziada. Utafiti mkubwa wa Marekani uitwao SWAN, katika matokeo yaliyotolewa mwaka 2015, ulionyesha kwamba wanawake weusi ndio waliokaa muda mrefu zaidi na joto la ghafla na jasho la usiku, wastani wa miaka 10 hivi, wakati kwa wanawake weupe ilikuwa miaka 6 na nusu. Kwa hiyo mtu akikuambia "vumilia tu, litapita", muulize litapita lini!

HRT inarudisha mwilini ile estrojeni iliyopungua. Mwenye kizazi hupewa estrojeni pamoja na projesteroni, kwa sababu estrojeni peke yake hunenepesha ukuta wa ndani wa kizazi na inaweza kuleta saratani ya hapo. Aliyetolewa kizazi, na wengi wetu tumetolewa kwa sababu ya faibroidi, kwa kawaida hupewa estrojeni peke yake. Dawa hizi ziko za aina nyingi: vidonge, plasta ya kubandika, jeli ya kupaka, na ya kupuliza kwenye ngozi. Plasta na jeli kwa dozi ya kawaida haziongezi hatari ya damu kuganda kama vidonge vinavyoweza kufanya.

Si kila mtu anafaa kupewa. Kama umewahi kuugua saratani ya matiti, damu kuganda kwenye mishipa, ugonjwa wa ini, au unatokwa damu ukeni bila sababu kujulikana, lazima daktari ajue kabla ya jambo lolote. Vilevile HRT haizuii mimba. Nimeshaona watu wakishangaa!

HOFU ILIANZIA WAPI?

Hofu ya HRT haikuanza na ujumbe wa simu. Julai 2002 huko Marekani, utafiti uitwao Women's Health Initiative ulisimamisha sehemu moja iliyokuwa na wanawake 16,608, kwa sababu wale waliokuwa wanameza vidonge vya homoni mbili walipata saratani ya matiti, kiharusi na damu kuganda zaidi kidogo kuliko wenzao waliopewa vidonge visivyo na dawa. Mwaka uliofuata, Agosti 2003, ukatoka utafiti wa hapa Uingereza, Million Women Study, nao ukazungumzia saratani ya matiti.

Mimi ndiyo kwanza nilikuwa nimefika nchi hii mwaka huo. Nakumbuka manesi wa Kiingereza wenye umri wa mama yangu wakisimuliana kwenye chumba cha chai jinsi walivyotupa vidonge vyao. Wengine waliteseka miaka mingi baada ya hapo.

Baadaye wataalamu walirudi kuziangalia takwimu vizuri. Wanawake wa ule utafiti wa Marekani walikuwa na wastani wa umri wa miaka 63, yaani wengi walikuwa wamekoma hedhi zamani. Kwa mwanamke anayeanza akiwa na miaka hamsini hivi, hesabu ni tofauti. Chukua mfano huu unaotumiwa sana na madaktari wa hapa. Kati ya wanawake 1,000 wenye umri wa miaka 50 hadi 59, katika miaka 5 wanawake 23 watapata saratani ya matiti hata bila HRT. Wakitumia HRT ya homoni mbili wanaongezeka 4. Wakiwa na unene uliopitiliza wanaongezeka 24. Ndiyo maana NICE, chombo kinachotoa miongozo ya tiba hapa, katika mwongozo wake wa mwaka 2015 na ule uliofanyiwa marekebisho Novemba 2024, kinasema HRT ni tiba ya kupewa mwanamke anayesumbuliwa na joto na jasho, baada ya kuelezwa faida na hatari zake.

TAFITI ZINASEMAJE KUHUSU NGOZI?

Sasa tuje kwenye swali letu. Je, kuna sababu ya kufikiria kwamba homoni zinaweza kugusa ngozi? Ndiyo, ipo. Kila aliyezaa anajua. Unakumbuka ule mstari mweusi wa tumboni wakati wa mimba? Na yale mabaka ya usoni? Hiyo ni kazi ya homoni. Seli zinazotengeneza rangi ya ngozi zinaisikia estrojeni. Na melanoma, ambayo ni saratani ya ngozi iliyo hatari kuliko zile nyingine za kawaida, inaanzia kwenye seli hizohizo za rangi. Kwa hiyo wanasayansi hawakuwa wajinga kuuliza.

Jibu lililo zito zaidi lilitoka mwaka 2011, kutoka utafiti uleule wa Women's Health Initiative. Walichukua wanawake wote 27,347, ambao walikuwa wamegawanywa kwa bahati nasibu, nusu homoni na nusu vidonge visivyo na dawa, wakahesabu waliopata saratani ya ngozi. Matokeo: hapakuwa na tofauti. Si kwa melanoma, si kwa saratani nyingine za ngozi.

Tafiti nyingine zimesema tofauti kidogo. Denmark mwaka 2012 waliona saratani za ngozi zisizo melanoma zimeongezeka kidogo kwa waliotumia HRT. Norway mwaka 2017 waliona melanoma imeongezeka kwa waliotumia estrojeni peke yake, lakini si kwa waliotumia homoni mbili pamoja. Huenda ujumbe wa simu umeokota hapo, ukaongeza chumvi.

Tofauti ni hii. Tafiti za Denmark na Norway hazikugawa watu kwa bahati nasibu. Ziliwaangalia wanawake waliojichagulia wenyewe kutumia dawa. Na kwa nchi hizi, mwanamke anayetumia HRT mara nyingi ndiye mwenye uwezo, ndiye anayekwenda Hispania kila mwaka kuota jua, na ndiye anayeonana na daktari mara kwa mara, kwa hiyo hata doa dogo linagunduliwa. Ukimkuta na saratani ya ngozi, utailaumu plasta au jua la Hispania? Ni vigumu kutenganisha. Tena waliochunguzwa ni wanawake wa Ulaya ya kaskazini, wenye ngozi nyeupe inayoungua haraka.

Kwa ufupi: ushahidi bora tulionao hauonyeshi kwamba HRT inaleta saratani ya ngozi. Kama kuna ongezeko lolote, ni dogo, na limeonekana kwa watu weupe. Hiyo si sababu ya kutupa plasta jaani.

SISI WENYE NGOZI NYEUSI JE?

Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize kwa makini, maana ujumbe ule wa sauti umetuogopesha mahali pasipo na hatari, ukatufanya tusitazame mahali hatari ilipo.

Uingereza nzima watu zaidi ya 17,000 hugunduliwa melanoma kila mwaka, na karibu wote ni weupe. Takwimu za Marekani zinaonyesha melanoma kwa watu weupe ni mara 20 hivi zaidi ya weusi. Sisi tunasikia hivyo tunasema, "Alhamdulillahi, huo ni ugonjwa wa wazungu." Lakini takwimu za Marekani zina upande wa pili. Katika kila watu weupe 100 wanaogunduliwa melanoma, kama 94 wanakuwa hai baada ya miaka 5. Kwa watu weusi ni kama 70. Tunaipata wachache, tunakufa wengi. Sababu kubwa ni kuchelewa.

Na tunachelewa kwa sababu kwetu haikai pale watu wanapotazama. Kwa mzungu hutokea mgongoni au miguuni, mahali palipoungua na jua. Kwetu aina inayoongoza hukaa kwenye unyayo, kwenye kiganja, na chini ya ukucha. Haitokani na jua. Hata anayevaa buibui na soksi mwaka mzima anaweza kuipata.

Bob Marley mnamkumbuka wote. Wengi nyumbani wanasema alikufa kwa kuumia akicheza mpira. Ukweli ni kwamba mwaka 1977 aligunduliwa melanoma chini ya ukucha wa dole gumba la mguu. Ilisambaa, akafariki Miami tarehe 11 Mei 1981, akiwa na miaka 36 tu.

Aina nyingine ya saratani ya ngozi inayotupata sisi huota juu ya makovu: kovu la kuungua na uji au maji ya moto utotoni, donda ndugu la mguuni lisilopona miaka nenda rudi. Kovu la miaka thelathini likianza kufumuka, kutoa damu au kuota nyama, usiseme "ni kovu langu la zamani". Nenda likaangaliwe.

Tuliofanya kazi wodini Afrika Mashariki tunaijua pia Kaposi, ile ya madoa ya zambarau, ambayo inatokana na kirusi na huwapata zaidi wenye VVU wasiopata dawa. Hiyo nayo haihusiani na HRT.

Na ndugu zetu wenye ualbino, kwao jua ndilo adui mkubwa. Tanzania inakadiriwa mtu mmoja kati ya 1,400 ana ualbino, na pale KCMC Moshi kuna kituo cha magonjwa ya ngozi ambako losheni ya kuwakinga na jua imekuwa ikitengenezwa palepale. Mama mwenye ualbino aliyeko hapa akitaka HRT azungumze na daktari, na ukaguzi wa ngozi yake uwe wa kila mara, homoni au bila homoni.

MAMA MKUBWA

Niwasimulie jambo ambalo sikulisema kwa miaka mingi. Mwaka 1999 nilikuwa mwanafunzi wa uuguzi. Nilipokwenda likizo, mama mkubwa, dada yake mama, alinionyesha doa jeusi kisiginoni, ukubwa wa punje ya haragwe. Alisema ni sugu, kwa sababu alikuwa akitembea peku shambani. Alikuwa akilikata kwa wembe, likawa linatoa damu kidogo. Mimi, nikiwa najiona nesi, nililisafisha kwa spiriti, nikalifunga bandeji, nikamwambia avae viatu. Nilifurahi kwamba nimemsaidia.

Baada ya mwaka na nusu alitokewa na uvimbe kinenani. Huko hospitali walipomkagua, macho yao yalikwenda moja kwa moja kwenye kisigino. Ilikuwa melanoma na ilikuwa imeshasambaa. Alifariki mwaka 2002.

Mama mkubwa hakuwahi kuona plasta ya homoni maishani mwake. Hakuwahi kuota jua kwa starehe. Alikufa kwa sababu wote tuliolitazama lile doa, pamoja na mimi niliyekuwa nafundishwa kazi hiyo, hatukujua kwamba mtu mweusi anapata saratani ya ngozi mguuni. Vitabu nilivyosomea vilikuwa na picha za ngozi nyeupe. Hapa London nako tatizo lilikuwa hilohilo, mpaka mwaka 2020 mwanafunzi wa udaktari wa chuo cha St George's, Malone Mukwende, akishirikiana na walimu wake, alipotoa kitabu kiitwacho Mind the Gap kinachoonyesha dalili za magonjwa kwenye ngozi nyeusi na ya kahawia.

JIKAGUE HIVI

Chagua siku moja kila mwezi. Mimi hufanya baada ya kuoga, nikiwa na taa nzuri na kioo kidogo. Kama huwezi kuinama, muombe mumeo, bintiye au jirani.

1. Tazama nyayo zote mbili, visigino, na katikati ya vidole vya miguu. Kisha viganja.

2. Tazama kucha zote 20 zikiwa hazina rangi. Mistari ya kahawia kwenye kucha ni kawaida kwetu, hasa ikiwa kwenye kucha kadhaa na imekaa vilevile miaka yote. Ya kutiliwa shaka ni ya ukucha mmoja, iliyo mpya, inayopanuka, yenye upana wa zaidi ya milimita 3, au ambayo weusi wake umevuka ukucha ukaingia kwenye ngozi ya pembeni.

3. Doa lolote jipya, au la zamani linalobadilika umbo, rangi au ukubwa, linalowasha au kutoa damu.

4. Kidonda au kipele ambacho hakijapona baada ya wiki 4.

5. Makovu ya zamani na sehemu za siri pia. Ni ngozi kama ngozi nyingine.

Neno kuhusu hina. Sisi watu wa pwani hatuachi hina na piko, na wala sisemi tuache. Lakini hina ya unyayoni na rangi ya kucha zinafunika kila kitu kwa wiki nyingi, na tukimaliza harusi moja tunapaka ya harusi nyingine. Basi weka desturi hii: kabla ya kupaka, kagua.

MABAKA YA USONI NA MKOROGO

Estrojeni inaweza kuleta mabaka meusi usoni kwa baadhi ya wanawake, kama yale ya mimba, na jua huyaongeza. Hayo si saratani. Hatari ni kile tunachofanya baadaye. Mwanamke anaona shavu limeingia weusi, anakwenda duka la vipodozi, anauziwa mkorogo kutoka chini ya kaunta.

Haidrokwinoni haruhusiwi mtu kuiuza hapa kama kipodozi. Ni dawa ya kuandikiwa na daktari. Krimu zenye zebaki zinaharibu figo, na zenye steroidi kali zinafanya ngozi iwe nyembamba kama karatasi. Zaidi ya hayo, madaktari wa Dakar, Senegal, wameripoti saratani za ngozi kwa wanawake waliojichubua kwa miaka mingi, mahali palepale walipokuwa wakipaka. Ukiondoa rangi yako umeondoa mwavuli wako. Kwa hiyo ukiniuliza kipi cha kuogopa, plasta ya daktari au kopo la mkorogo, mimi nitalinyooshea kidole kopo. Kama mabaka yanakukera, mwambie daktari, anaweza kubadilisha dawa au kukupeleka kwa mtaalamu wa ngozi.

JUA, VITAMINI D NA DAWA ZA PRESHA

Wengine wakisikia saratani ya ngozi wanajifungia ndani. Hapana jamani. Jua la Edmonton lenyewe tunalipata kwa kubahatisha! Ngozi nyeusi inahitaji jua zaidi kutengeneza vitamini D, na baada ya kukoma hedhi mifupa yetu inapungua nguvu. Ushauri wa serikali hapa ni kwamba wenye ngozi nyeusi wafikirie kumeza vitamini D mikrogramu 10 kila siku, mwaka mzima. Vidonge hivyo ni bei nafuu famasi yoyote. Na HRT yenyewe inasaidia kulinda mifupa.

Losheni ya kukinga jua, SPF 30 au zaidi, ipake ukienda likizo Dar, Mombasa au Muscat, au kama una mabaka usoni. Kama unatumia jeli ya homoni, iache ikauke na usipake kitu kingine juu yake kwa saa moja, wala usimkumbatie mjukuu mahali ulipopaka. Plasta bandika chini ya kiuno, kwenye ngozi isiyo na kidonda, badilisha upande kila mara, na ifunikwe na nguo.

Jambo moja ambalo wengi hawalijui: dawa ya presha iitwayo haidroklorotiazidi, inayotumika sana nyumbani na ambayo watu huletewa kwenye mabegi. Novemba 2018 wasimamizi wa dawa wa hapa walitoa onyo kwamba ikitumiwa miaka mingi inaongeza hatari ya saratani za ngozi zisizo melanoma. Usiiache mwenyewe, presha inaua haraka zaidi. Onyesha pakiti yako kwa GP au mfamasia.

UKIENDA KWA GP

Najua shida yake. Saa mbili kamili asubuhi unapiga simu, unaambiwa wewe ni wa 17 kwenye foleni, na wewe uko kazini. Usikate tamaa. Kliniki nyingi siku hizi zina fomu ya mtandaoni, na unaweza kuambatanisha picha ya doa. Una haki ya kuomba daktari mwanamke. Una haki ya mkalimani wa Kiswahili bila malipo, kwa hiyo usimpeleke mtoto wa miaka 12 akakutafsirie mambo ya ukeni.

Ukifika sema wazi: doa limeanza lini, limebadilika vipi. Ukiambiwa ni fangasi ukapewa krimu, na baada ya wiki chache hakuna mabadiliko, rudi. Nawajua watu waliorudi mara tatu. Mwambie daktari, "Naomba mtaalamu wa ngozi aone." Daktari akishuku saratani atakuandikia rufaa ya haraka, na lengo la NHS ni upate jibu, ndiyo au hapana, ndani ya siku 28.

Kuhusu gharama za HRT: tangu Aprili 2023 Uingereza kuna cheti maalumu cha malipo ya HRT. Unalipa mara moja, sawa na bei ya dawa mbili tu, na unapata HRT zako kwa miezi 12. Ukiwa na miaka 60 au zaidi hulipi kabisa. Muulize mfamasia.

Na kama umeshaacha HRT kwa sababu ya uvumi, hujachelewa. Ongea na daktari uone kama inakufaa kuanza tena. Kama umewahi kuugua melanoma, au mzazi au ndugu yako aliugua, sema mapema ili mpime pamoja.

TULIPOFIKIA

Yule dada wa Tanga nilikwenda naye kwa GP wake. Alianzishiwa plasta tena. Nyumbani kwake nilimwomba asugue hina ya miguu mpaka itoke, akanicheka, lakini alifanya. Chini ya unyayo wa kushoto palikuwa na doa dogo jeusi ambalo yeye mwenyewe hakulijua. Moyo ulinipiga, nilimuona mama mkubwa. Alipewa rufaa, mtaalamu akalitazama kwa darubini ya ngozi, akasema ni doa la kawaida, likapigwa picha ili liangaliwe tena baadaye. Alinipigia simu kutoka kwenye basi akicheka kwa sauti mpaka watu wakamgeukia.

Sikuona amepoteza muda, na wewe usione unapoteza muda wa daktari. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Leo usiku, kabla hujalala, washa taa, kaa kitandani, geuza nyayo zako uzitazame. Kisha mpigie simu mama yako nyumbani, naye umwambie ageuze zake.

Makala hii ni ya kuelimisha na haichukui nafasi ya daktari wako. Usianze wala kuacha dawa bila kuzungumza naye.